Bilionea Ametoa, Pesa Zimefika Wapi?

Mwishoni mwa Oktoba 2021, David Beasley, wakati huo mkuu wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), alihojiwa na CNN akawataja mabilionea kwa majina. Alisema dola bilioni 6 zingetosha kuwasaidia watu milioni 42 waliokuwa wanachungulia kaburi kwa njaa. Elon Musk, tajiri wa magari ya Tesla, akamjibu kupitia Twitter kwamba akionyeshwa hesabu kamili, atauza hisa zake za Tesla papo hapo na pesa zitolewe. WFP wakaketi, wakaandika mpango wa dola bilioni 6.6 na kuuweka hadharani katikati ya Novemba.

Kati ya tarehe 19 na 29 Novemba, Musk akatoa hisa zaidi ya milioni 5 za Tesla kwa ajili ya hisani. Kwa bei ya siku zile zilikuwa na thamani ya kama dola bilioni 5.7. Umma haukujua mpaka Februari 2022, ilipoonekana karatasi aliyoiwasilisha kwa mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Marekani, na karatasi yenyewe haikumtaja aliyepokea. Watu wakajumlisha wenyewe. Zimeombwa 6, zimetoka 5.7, basi wenye njaa wameshakula.

Hazikwenda WFP. Mwisho wa mwaka 2022 zilipoonekana hesabu za kodi, ilibainika kwamba aliyepokea zile hisa ni Musk Foundation, wakfu wa hisani unaoongozwa na Elon Musk mwenyewe.

Sasa, alitoa au hakutoa? Kwa Kiswahili cha barazani, mtu akihamisha noti kutoka mfuko wa shati kwenda mfuko wa suruali hatusemi ametoa. Sheria ya Marekani inasema ametoa, na haijakosea kabisa, maana hisa zile haziwezi tena kumnunulia nyumba wala ndege. Shida iko kwenye kitenzi chenyewe. Vichwa vya habari vikisema bilionea "ametoa", vinaweza kuwa vinazungumzia siku aliyoahidi, au siku mali ilipoingia kwenye wakfu wake, au siku pesa zilipotoka wakfuni kwenda kwa mtu mwingine. Kati ya siku hizo inaweza kupita miaka, hata miongo. Na nafuu ya kodi anaipata siku ya pili, wakati mgonjwa wa Homa Bay au Korogwe anaanza kuhusika siku ya tatu, tena akiwa na bahati.

Nyumba ya mawe yenye fremu mbili

Mtaani kwa bibi yangu, Tanga, kulikuwa na nyumba ya mawe yenye fremu mbili mbele, moja ya fundi cherehani na nyingine ya muuza mchele. Haikuwa ya mtu. Aliyeijenga alifariki kabla bibi hajaolewa, na alikuwa ameiweka wakfu kwa msikiti wa jirani. Fundi akilipa pango, maji ya kutawadhia yanapatikana na taa zinawaka. Fundi akichelewa, imamu anapita mwenyewe kumkumbusha, na sisi watoto tulikuwa tunapenda kusikiliza maana fundi alikuwa hodari wa visingizio.

Watu wa pwani wanaijua kanuni hii hata wasipoijua kwa kitabu. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar akamuuliza Mtume alifanyie nini, akaambiwa akipenda aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Asili haiuzwi, hairithiwi, haipewi mtu. Zanzibar mpaka leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya ina makamishna wa wakfu kwa sheria yao.

Ndiyo maana nadhani aliyechagua neno "wakfu" kutafsiri zile taasisi za Marekani alilenga vizuri kuliko alivyojua. Gates Foundation, ile ya Bill Gates wa Microsoft, imejengwa hivyohivyo tangu 2006, ilipogawanywa mara mbili. Kuna chombo kimoja cha amana kinachoshika mali na kuiwekeza, na kingine kinachoandika hundi. Chombo cha kwanza kwa miaka mingi kimekuwa na hisa za kampuni kama Waste Management, wazoa taka wakubwa wa Marekani, na reli ya Canadian National. Ukitaka kuliona hilo kwa macho ya Tanga, mabehewa ya Kanada na mapipa ya taka ya Texas ndiyo fundi cherehani wetu. Yakilipa pango, chanjo inanunuliwa.

Na ndiyo maana pia gazeti la Los Angeles Times liliibua mjadala mkali Januari 2007 lilipoonyesha kwamba wakfu huo ulikuwa unachanja watoto katika Delta ya Niger huku mtaji wake ukiwa umewekezwa kwenye kampuni za mafuta zilizokuwa zinachafua hewa waliyoivuta watoto haohao. Msikiti wetu usingempangisha fremu muuza gongo. Wenzetu walikuwa wamejenga ukuta kati ya mkono unaochuma na mkono unaotoa, na ukuta una kawaida ya kumzuia mtu asione upande wa pili.

Ila kuna tofauti ambazo neno letu linazificha, na kubwa kuliko zote ni ya kodi. Sizungumzii tena kodi ya pango.

Nani alichangia

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu nyepesi. Mwanzilishi wa kampuni ana hisa zilizomgharimu dola milioni 1 alipoanza. Leo zinauzwa milioni 101. Akiziuza, faida ni milioni 100, na serikali kuu ya Marekani itataka asilimia 23.8 ya faida hiyo, yaani karibu milioni 24. Akizipeleka wakfuni kwake bila kuziuza, kodi hiyo haidaiwi. Wakfu ndio utakaouza, na wakfu hulipa asilimia 1.39 tu ya mapato ya uwekezaji wake.

Hapo bado. Kama ni hisa zinazouzwa sokoni, anaruhusiwa pia kukata thamani yake yote, milioni 101, kwenye mapato yake mengine yanayotozwa kodi. Kwa mtu wa daraja la juu la asilimia 37, kwa sheria iliyotumika mpaka mwisho wa 2025, hiyo ilikuwa nafuu nyingine ya karibu milioni 37. Ukijumlisha, zawadi ya milioni 101 imelikosesha hazina la Marekani kama milioni 61. Kwa maneno mengine, katika kila dola iliyoingia wakfuni, walipa kodi wa kawaida wamechangia kama senti 60, na hakuna aliyewauliza.

Niseme pia upande wa pili. Makato hayo yana kikomo. Kwa hisa zinazopelekwa kwenye wakfu binafsi, mtu haruhusiwi kukata zaidi ya asilimia 20 ya mapato yake ya mwaka, na kinachobaki anaweza kukisogeza mbele kwa miaka mitano. Kwa tajiri ambaye utajiri wake wote ni hisa asizouza na mshahara wake ni mdogo, kikomo hicho kinabana kwelikweli. Gates Foundation wenyewe waliwahi kueleza kwamba michango ya Bill na Melinda, mkewe wa wakati huo, kwenye wakfu, zaidi ya dola bilioni 36 mpaka 2018, iliwapunguzia kodi kwa takriban asilimia 11 ya walichotoa. Kwa hiyo anayekwambia kwamba wakfu ni ujanja mtupu wa kukwepa kodi amechukua njia ya mkato. Na anayekwambia ni pesa ya bilionea mwenyewe, afanye nayo atakalo, amechukua njia ya mkato ya upande mwingine.

Asilimia tano

Bunge la Marekani lilishaliona tatizo hili zamani. Miaka ya 1960 mbunge mmoja wa Texas, Wright Patman, alitumia miaka kuzichunguza wakfu za matajiri, akalalamika kwamba mali inaingia na haitoki. Matokeo yake ni sheria ya kodi ya 1969. Tangu hapo wakfu binafsi unalazimika kutoa sehemu fulani kila mwaka, na kwa miongo mingi sasa sehemu hiyo ni asilimia 5 ya thamani ya wastani ya mali yake ya uwekezaji. Usipotoa, kuna faini ya asilimia 30 ya kile kilichopungua, na ukiendelea kukaidi, faini inafika asilimia 100.

Asilimia 5 ni kidogo kuliko inavyosikika. Soko la hisa la Marekani limekuwa likikua kwa kasi zaidi ya hiyo katika miaka mingi, kwa hiyo wakfu unaweza kutimiza sheria kila mwaka na bado ukanenepa. Ndani ya hiyo asilimia 5 zinahesabiwa pia gharama za uendeshaji zinazohusu kazi ya hisani, mishahara na ofisi na tiketi za ndege. Na wakfu ukipeleka pesa kwenye akaunti maalumu ya hisani iliyoko kwenye taasisi nyingine, ambako mtoaji hubaki na sauti ya kushauri ziende wapi, hiyo nayo imehesabiwa kuwa imetolewa, hata kama zitakaa pale miaka kumi.

Halafu kuna suala la muda, na hapa ndipo Musk Foundation inakuwa darasa zuri. Sheria inaruhusu deni la mwaka huu limaliziwe kabla ya mwisho wa mwaka ujao. Mwaka 2022 wakfu huo ulitoa kama dola milioni 160, ukapungukiwa na milioni 234. Mwaka 2023 ulitoa milioni 237. Ukiisoma haraka unaona maendeleo. Lakini kwa utaratibu wa sheria, pesa inayotoka huanza kulipa deni la mwaka uliopita, kwa hiyo karibu zote zilikwenda kuziba lile shimo la milioni 234. Wajibu wa mwaka 2023 ukabaki karibu mzima, na pengo likawa dola milioni 421, wakati mali ya wakfu ikiwa imekaribia bilioni 9.5.

Kila aliyewahi kupangisha chumba anamjua mpangaji wa namna hii. Mwezi huu analipa wa jana, mwezi ujao atalipa wa huu. Hajavunja mkataba, na huwezi kumtoa.

Nani alikuwa anaamua? Kwa mujibu wa hesabu zao za kodi, bodi ilikuwa na watu watatu akiwemo Musk, na hakukuwa na mwajiriwa hata mmoja. Sehemu kubwa ya ruzuku za 2021 na 2022 ilikwenda kwa taasisi zenye uhusiano naye au na kampuni zake, likiwemo jambo la kujenga shule Texas. Haya yote tunayajua kwa sababu wakfu binafsi lazima ujaze fomu iitwayo 990-PF kila mwaka, na fomu hiyo ni ya wazi. Yeyote anaweza kuiomba, akaona nani alilipwa kiasi gani. Wasomaji wangu wanaofuatilia miradi ya wafadhili wazoee kuisoma. Inachosha, kurasa mamia, lakini ukurasa wa orodha ya ruzuku unaweza kukufundisha kuliko semina tatu za hoteli ya ufukweni.

Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan waliikwepa fomu hiyo kwa namna yao. Desemba 2015 waliposema watatoa asilimia 99 ya hisa zao za Facebook, chombo walichounda, Chan Zuckerberg Initiative, kilikuwa kampuni ya kawaida yenye dhima yenye kikomo. Kampuni hailazimiki kutoa asilimia 5, na inaweza kuwekeza kwenye biashara ikafaidika, kwa bei ya kuzikosa baadhi ya nafuu za kodi. Hiyo ni makala nyingine.

Anayetoa kweli

Ukitoka kwa Musk ukaingia kwa Gates, hesabu zinabadilika sura. Mwishoni mwa 2024 wakfu wa Gates ulikuwa na mtaji wa takriban dola bilioni 77. Asilimia 5 yake haifiki bilioni 4. Bajeti yao ya 2025 ilikuwa bilioni 8.74, zaidi ya mara mbili ya wanacholazimika. Sababu mojawapo ni Warren Buffett, bilionea mwekezaji wa Marekani, ambaye tangu 2006 amekuwa akiwapa hisa za kampuni yake, Berkshire Hathaway, kila mwaka kwa sharti kwamba zawadi yake itumike yote, juu ya ile asilimia 5. Watu husahau kwamba takriban asilimia 41 ya pesa za Gates Foundation katika miaka 25 ya mwanzo zilitoka kwa Buffett, na jina lake haliko mlangoni.

Mei 2025 Gates akatangaza kwamba wakfu utatumia dola bilioni 200 ndani ya miaka 20 kisha ufunge milango tarehe 31 Desemba 2045. Awali mpango ulikuwa kufunga miaka 20 baada ya kifo chake. Bilioni 200 hizo haziko benki. Ni mtaji uliopo, pamoja na karibu mali yake yote iliyobaki, pamoja na faida ambayo uwekezaji unatarajiwa kuleta. Soko likianguka, namba nayo inashuka. Lakini uamuzi wenyewe ni mzito. Anakula asili. Amekataa ile kanuni ya kuzuia shamba na kugawa mazao, na ameamua kuuza shamba lenyewe kipande kwa kipande.

Na pesa zikitoka, zinatokaje? Wengi wetu tunafikiria hundi inayoandikiwa zahanati. Nadra sana. Chukua kijiti, kile kipandikizi cha uzazi wa mpango ambacho muuguzi anakiingiza chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, kikakaa miaka mitano. Muuguzi anachoma ganzi, anapenyeza bomba jembamba, vijiti viwili vinalala sambamba chini ya ngozi, bandeji, mama anarudi kwenye kibanda chake cha mbogamboga. Aina iitwayo Jadelle, inayotengenezwa na Bayer, ilikuwa inauzwa kama dola 18 kwa mashirika ya misaada. Kuanzia 2013 ikashuka hadi 8.50. Kilichotokea ni kwamba Gates Foundation na wenzao waliidhamini Bayer kwamba ndani ya miaka sita vipandikizi milioni 27 vitanunuliwa, na pengo likitokea wao watalibeba. Kiwanda kikapata uhakika, kikatengeneza kwa wingi, bei ikashuka. Wanunuzi wakajitokeza wenyewe. Mdhamini mzuri ni yule ambaye mwishoni haitwi. Mama yule wa mbogamboga hajawahi kusikia habari ya dhamana, na hana sababu.

Napenda mfano huo kwa sababu unaonyesha tajiri anaweza kufanya jambo ambalo serikali hailiwezi kirahisi, yaani kubeba hatari. Waziri wa fedha akidhamini kiwanda cha dawa akapata hasara, anaitwa bungeni. Gates akipata hasara, anaandika ukurasa kwenye ripoti ya mwaka.

Lakini geuza sarafu. Mwaka 2006 Gates na Rockefeller Foundation walianzisha AGRA, yaani Muungano wa Mapinduzi ya Kijani Afrika, makao makuu Nairobi, kwa lengo la kuwainua wakulima wadogo wa Afrika kwa mbegu bora na mbolea. Wakfu wa Gates umeweka humo zaidi ya dola milioni 600. Serikali kadhaa zilibadilisha sera za mbegu na ruzuku za mbolea kufuata mwelekeo huo. Tathmini iliyoagizwa na wafadhili wenyewe, iliyotoka 2022, ilikiri kwamba lengo kuu, la kuongeza kipato na uhakika wa chakula kwa wakulima milioni 9, halikufikiwa. Mwaka huohuo AGRA ikaacha kurefusha jina lake, yale maneno ya mapinduzi ya kijani yakaondoka. Mkulima wa mahindi aliyebadilisha mbegu kwa ushauri wa miaka ile hana wa kumwita bungeni.

Chanjo ya malaria ni katikati ya hizo mbili. Ile iitwayo RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa ya mwisho kuanzia 2009 katika vituo vikiwemo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya, kwa kazi ya kampuni ya dawa ya GSK na shirika la afya la PATH, na pesa ya Gates ikiwa zaidi ya dola milioni 200. Septemba 2019 Kenya ikaanza kuitoa Homa Bay. Oktoba 2021 WHO ikaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Mwaka uliofuata Gates Foundation wakasema hawataendelea kuiwekea pesa moja kwa moja kama zamani, kwa hoja kwamba nguvu yake ya kinga ni ndogo kuliko walivyotaka na ingefaa fedha ziende kwenye zana nyingine, ingawa msaada kupitia Gavi, muungano wa chanjo ulioko Geneva, uliendelea. Inawezekana kabisa walikuwa sahihi kihesabu. Wanasayansi waliokaa Korogwe miaka ile yote, wakiwapima watoto homa usiku, walikuwa na maoni tofauti. Mwamuzi wa mwisho alikuwa Seattle, makao makuu ya wakfu.

Ofisini, upande wa kupokea

Niliwahi kufanya kazi miaka miwili kwenye mradi wa afya uliolipiwa na mfadhili mkubwa wa nje, ambaye simtaji. Kilichonibaki kichwani ni jedwali la viashiria. Safu wima kumi na nne. Safu ya tisa ilitaka idadi ya "wanajamii waliofikiwa", na mtu akihudhuria mikutano miwili alihesabiwa wawili, mpaka robo moja tukawa tumewafikia watu wengi kuliko wakazi wa kata. Mratibu wetu alicheka, akasema tuandike hivyohivyo maana mfumo haupokei namba iliyoshuka. Hatukuwa wezi. Tulikuwa watu wanaojibu swali lililoulizwa.

Kuna sababu ya kifedha ya utumwa huu. Ruzuku nyingi zimefungwa kwenye shughuli maalumu, na kinachoruhusiwa kwa ajili ya uhai wa taasisi yenyewe, yaani mhasibu, umeme, mlinzi, ni kidogo. Sera ya Gates Foundation, kwa mfano, imekuwa ikiweka ukomo wa hadi asilimia 10 kwa vyuo vikuu na hadi 15 kwa asasi zisizo za kiserikali. Kwa hiyo mradi ukiisha, taasisi inatikisika. MacKenzie Scott, mtalaka wa Jeff Bezos wa Amazon, amekwenda kinyume chake. Anatuma mamilioni bila masharti, halafu ananyamaza. Wapo wanaoona hiyo ni heshima kubwa kwa anayepokea. Nami ni mmoja wao, ingawa ukimya wake unafanya iwe vigumu kujua anachagua vipi.

Na wapo waliopeleka pesa mkononi kabisa. Good Ventures, wakfu wa Dustin Moskovitz, mmoja wa waasisi wa Facebook, na mkewe Cari Tuna, ulilipa dola milioni 25 mwaka 2015 kwa GiveDirectly, shirika linalowatumia watu maskini pesa kwa simu. Huko Siaya utafiti uliohusisha vijiji 653 ulionyesha kwamba kila dola iliyoingia iliuzungusha uchumi wa eneo kwa zaidi ya dola mbili, kwa sababu aliyepokea alinunua mabati na aliyeuza mabati akanunua samaki. Lakini walipofika Homa Bay, karibu nusu ya kaya walizozifikia zilikataa. Pesa za bure? Za nani? Uvumi ukazagaa kwamba zina uhusiano na ibada za shetani. Huko nje wengi walicheka. Mimi sikucheka. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba kila msaada una mwenyewe na una sababu alikuwa anauliza swali ambalo wasomi wanaliuliza kwa kurasa mia tatu.

Swali hilohilo likafika mahakamani Nairobi. Oktoba 2024 serikali ya Kenya ilichapisha amri ya kuipa Gates Foundation kinga na hadhi za aina wanazopewa wanadiplomasia, pamoja na misamaha ya kodi, kwa ajili ya ofisi yake ya huko. Chama cha Mawakili cha Kenya kikaenda Mahakama Kuu, na Novemba mahakama ikaisimamisha. Mapema 2025 amri ikafutwa. Hakuna aliyesema wakfu ulikuwa umeiba kitu. Hoja ilikuwa kwamba taasisi binafsi inayoshika pesa kuliko wizara, inayokaa meza moja na waziri wa afya na wa kilimo, ikipewa na kinga juu yake, basi mwananchi aliyeumizwa na mradi wake atamshtaki nani. Kwenye nyumba ya Tanga msimamizi wa wakfu aliweza kupelekwa kwa kadhi.

Juni 2025, Addis Ababa, kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, Gates alisema sehemu kubwa ya zile bilioni 200 itatumika Afrika. Mwezi uliofuata USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani lililokuwa likisimamia zaidi ya dola bilioni 40 kwa mwaka, likafunga rasmi shughuli zake. Weka bilioni 9 za Gates mbele ya 40 hizo utaona kwamba hata tajiri akiuza shamba lote hawezi kuwa serikali.

Kufunga 2045 maana yake kila kliniki, kila maabara, kila kituo cha data kinachoishi kwa ruzuku hizo kina miaka isiyofika ishirini ya kutafuta mwenyewe. Tumewahi kuliona jambo hili. Mwaka 1936 Rockefeller Foundation, pesa ya mafuta ya zama zile, ilijenga Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wake ndio waliokuta kirusi cha Zika mwaka 1947, kwa kima waliyemweka juu ya miti ya msitu wa Zika, kando ya barabara ya kwenda Kampala. Wamarekani walipoondoka, mwaka 1950 taasisi ikachukuliwa na serikali za Afrika Mashariki kwa pamoja, na Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977 ikabaki kwa Uganda. Majengo yako palepale Entebbe, na sampuli za Ebola zikishukiwa Uganda ndiko zinakopelekwa kupimwa.